Vigae Mia Nne kwa Siku

Ofisa wa takwimu alishuka kwenye gari la ofisi, akakung'uta sketi yake kwa mazoea, ingawa vumbi halikuwepo. Zamani, kufika kwenye karakana ya vigae ya mdogo wake kulimchukua kutwa nzima. Leo, kwa barabara ya lami iliyojengwa na serikali, alitumia dakika hamsini. Alitumwa apime kama barabara imeongeza uzalishaji huku bondeni. Karakana zilikuwa tisa. Hii aliiacha ya mwisho.

Alilijua lile banda bovu la marehemu baba yao. Yeye, dada mtu, ndiye aliyesomeshwa. Mdogo mtu akabaki na udongo kwenye kucha. Sasa aliona matanuri mawili, wafanyakazi kumi na wanne, na lori linapakiwa.

"Dada! Mbona hukusema unakuja?"

"Niko kazini. Kwa siku mnatoa vigae vingapi?"

"Mia nne. Zamani mia na ishirini, na theluthi vinavunjika njiani. Ningeajiri watu wa nini, watengeneze vya kuvunjika? Siku hizi hata fundi wa tanuri nikimpigia asubuhi, mchana yuko hapa."

Roho ilimuuma. Ni yeye aliyesimama kwenye tope miezi mitatu akihesabu magari, ili serikali ikubali kuijenga barabara hiyo. Nani alilijua hilo? Wafanyakazi walimwita mdogo wake "Bosi". Yeye wakamuuliza kama ni mteja.

Kwenye fomu aliandika mia moja na arobaini.

Wiki iliyofuata mkuu wake alimwita. "Karakana nane zimepanda, hii imesimama palepale. Basi hatuna sababu ya kuipelekea barabara ya mchepuko, ya kuiunganisha moja kwa moja na lami. Ni ya nani?"

"Ya mdogo wangu."

Mkuu alivua miwani. "Ulikosea?"

Angeweza kusema ndiyo, mambo yakaishia hapo.

"Hapana. Niliandika hivyo makusudi. Nilimwonea kijicho."

Aliondolewa kwenye kazi ile siku hiyohiyo, akahamishiwa chumba cha majalada. Mwenzake akaenda kupima upya, na mchepuko ukapitishwa.

Jioni alimpigia mdogo wake simu, akamweleza yote bila kujitetea.

"Dada," mdogo wake alisema, "unajua mimi nimekuonea wewe kijicho miaka mingapi? Kila ulipokuja na viatu safi nilikwenda nyuma ya tanuri nikalia. Njoo Jumapili tule."

"Nitakuja," alijibu.

Alikata simu, akakaa kitandani. Alipaswa kufurahi, na kidogo alifurahi. Lakini hata kwenye kusamehe mdogo mtu alikuwa amemtangulia, na hilo nalo lilimchoma.