Toleo la Tisa

Kwa miaka thelathini na moja mhariri wa jarida la sheria alijiona mtu mzito. Mke wake alimwambia uzito huo ni wa karatasi tu, maana jarida lenyewe lilisomwa na watu wawili: yeye, na mpiga chapa, ambaye alilipwa.

Sasa kamati ya chuo ilitaka kulifunga. Alipewa wiki moja athibitishe kwamba kuna mtu, popote pale, aliyewahi kulitegemea. Akajichimbia maktaba kupekua hukumu za mahakama, na siku ya nne nusura aruke: majaji kumi na wanne walikuwa wamelinukuu! Akaanza kuwaorodhesha. Kwenye jina la tatu mkono ukagoma. Wote walikuwa wamenukuu kitu kimoja: Toleo la Tisa, ukurasa wa 112.

Toleo la Tisa halikuwahi kuchapwa. Mwaka ule mtambo uliharibika, wakaruka kutoka la nane hadi la kumi. Naye, kijana mwenye haraka na majivuno, alikuwa na mchezo wake: mwandishi akileta hoja isiyo na chanzo, anamchomekea chini ya ukurasa, "Taz. Toleo la Tisa, uk. 112." Nani angekwenda kuangalia?

"Kumbe kweli hakuna aliyekwenda!" Mke wake alicheka mpaka akashika mbavu. "Baba, umewalisha majaji jarida hewa!"

"Usicheke. Kamati nitaiambia nini?"

"Iambie ukweli. Uongo umeshautumia wote."

Akaenda akasema yote. Mwenyekiti wa kamati, jaji mstaafu, alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Hapo ndipo mhariri alipokumbuka jina la kwanza kwenye orodha yake.

"Toleo hilo mimi nililisoma," mwenyekiti alisema taratibu. "Hoja yake ilikuwa nzito sana."

Hakuna aliyecheka. Mhariri alimwonea huruma, akajihurumia na yeye mwenyewe.

"Jarida libaki," mwenyekiti akaendelea, macho mezani. "Ila uniletee nakala. Yangu imepotea."

Jioni ile mhariri aliketi kuuandika ukurasa wa 112. Kalamu ilikuwa tayari, karatasi tayari, ila hoja yenyewe hakuijua. Ikabidi afungue hukumu ya mwenyekiti, asome jarida lake lilisema nini.