Masikio ya Hashimu

Hashimu alikuwa na masikio mawili ya pambo. Yaliyosikia ni ya mkewe. Tangu uziwi umwingie mumewe, Zuhura hupanda naye Land Rover yao kuukuu ya petroli kwenda Mgeta kubeba kabichi. Injini ikianza kugonga mlimani, humpiga pajani mara mbili, naye hupunguza mafuta. Wenye mizigo hawajui lolote. Husema wazee hawa wanapendana, hawaachani hata njiani. Laiti wangejua!

Binti yao Saada alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza huko Kingolwira. Mama gani hamkandi mwanawe kwa maji ya moto mpaka arobaini ipite? Zuhura aliomba ruhusa kwa ishara. Hashimu akajibu, "Ukienda wewe, nani atasikia?" Hakufoka. Angefoka, ingekuwa nafuu.

Asubuhi iliyofuata waliweka petroli ya chupa njiani, na ilinuka mafuta ya taa. Katikati ya mlima, korongo upande huu, ukuta wa udongo upande ule, Zuhura akasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo. Hashimu mwenyewe ndiye aliyemfundisha maana yake. Injini za kale kabisa pistoni zilikuwa za chuma, nzito lakini sugu. Hizi za alumini ni nyepesi, na petroli ikilipuka ovyo ndani, hutoboka.

Mkono ukainuka, ukabaki hewani. Gari likifa, aliwaza, nami nimepona, nitakwenda kwa Saada. Akaurudisha mkono, akaukalia. Kokoto zikazidi. Hashimu alikanyaga mafuta huku akitabasamu, hana habari. Zuhura aliona haya kumtazama.

Ukaja mpasuko, kisha moshi, kisha kimya. Hashimu alivuta breki, akashuka kufungua boneti, akachungulia kwa muda mrefu. Akaja dirishani kwa mkewe. Zuhura akajiandaa kwa matusi.

"Uligonga, mama Saada. Najua uligonga," alisema kwa ile sauti kubwa ya viziwi, machozi yakimtoka. "Sikuhisi kitu. Paja nalo limekufa."

Zuhura alifungua mdomo aseme kweli. Lakini utamwambia nini mtu anayekuamini hivyo? Akaitikia kwa kichwa.

"Basi usiniache hata hatua moja," Hashimu alisema, akanyoosha mkono ashikwe.

Zuhura akautoa wake pale alipoukalia. Ulikuwa umekufa ganzi. Akampa.