Indiketa ya Kushoto

Indiketa ya kushoto ilikuwa ikilia tik, tik, tik, na kushoto hakukuwa na pa kwenda. Kulikuwa na njia ya miguu, ua wa michongoma uliolowa mvua, na mama mmoja aliyekuwa akivutwa na mbwa wake. Gari lilikuwa likipanda kilima cha Shooters Hill, London, kwa mwendo wa mgonjwa, na nyuma yake magari yalikuwa yamepanga foleni hadi bondeni. Generosa aliutazama mkono wa mumewe. Ulikuwa umetulia juu ya usukani, na uso wa Solomon ulikuwa na ule upole wa mtu anayetenda wema bila kungoja shukrani. Gari la kwanza likawapita, likafuata la pili, kisha jekundu moja lenye haraka zake. Solomon akapiga honi fupi ya kuwaaga.

"Nendeni, nendeni," alisema kwa sauti ya chini. "Juu kweupe."

Hapo ndipo gari dogo la bluu lilipochomoka kutoka barabara ya pembeni iliyokuwa mbele kidogo, upande wa kushoto, bila wasiwasi wowote. Dereva wake alikuwa ameiona ile taa, akaamini kwamba gari kubwa linakata kona kuingia huko aliko. Solomon alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Sufuria zikaporomoka kabatini, chupa ya chai ikabingirika hadi mlangoni, na nyumba yao ya magurudumu ikasimama shubiri chache kutoka ubavu wa lile gari la bluu. Ndani yake mlikuwa na msichana, mwanafunzi labda, uso umemsawajika kwa hofu. Alikuwa akinyoosha kidole kwenye taa.

Generosa hakufikiri. Alipeleka mkono wake kando ya usukani, akakirudisha kijiti cha indiketa mahali pake upesi, kama mama anayemfuta mwanawe kamasi kabla wageni hawajaingia.

"Umemwona?" Solomon aliuliza. "Mama Natasha, umemwona huyu? Katokea wapi?"

"Nimemwona," alisema Generosa.

Msichana akaondoka zake, akitikisa kichwa. Wao pia wakaondoka, polepole zaidi ya mwanzo, hadi nyumbani kwao Woolwich.

Asiyepata kusafiri kwa lori katika barabara ya Iringa hawezi kuelewa kilichotokea siku ile. Ujanani mwake Solomon alikuwa dereva wa malori, akipeleka mbolea Mbeya na kurudi Dar es Salaam na mahindi. Pale Kitonga, mlima unapojikunja na bonde likiwa linakungoja upande wa pili, lori hupanda kwa kutambaa, na aliye nyuma yake haoni kitu ila mgongo wa lori. Kwa hiyo dereva wa mbele huwa macho ya wa nyuma. Akiwasha indiketa ya kulia anasema, tulia, kuna kitu kinashuka. Akiwasha ya kushoto anasema, njia nyeupe, pita. Madereva walifundishana hivyo wao kwa wao, na mtu aliweka roho yake mikononi mwa mtu ambaye hata uso wake hajauona.

London haina mambo hayo. London ukiwasha kushoto unakwenda kushoto, na kila mtu anapanga maisha yake kwa kuamini hivyo. Solomon alilijua hilo kuliko watu wengi, maana aliendesha mabasi mekundu ya mji huu hadi alipostaafu, wala hakuwahi kuchanganya hata siku moja. Miaka yote hiyo mikono yake ilijua iko wapi. Sasa ilikuwa imerudi Kitonga peke yake, bila kumuaga mwenyewe. Macho yana miwani, magoti yana dawa ya kuchua, lakini hili halina dawa; Generosa alilijua kutoka wodini. Alikuwa amewauguza wazee maisha yake yote ya kazi, na alikuwa ameona jinsi mambo ya zamani yanavyorudi taratibu na kukaa juu ya mapya. Aliogopa, na hakumwambia mtu.

Wiki nzima Solomon hakuwa na habari nyingine. Aliisimulia kanisani baada ya ibada, akaisimulia kwa muuza ndizi pale sokoni, na kila alipoisimulia yule msichana alizidi wazimu na gari lake likazidi kasi. Jumamosi ikamfikia rafiki yao Rakesh, mzaliwa wa Mwanza, aliyefunga duka lake la dawa kule Tooting akahamia mtaani kwao ili awe karibu na wajukuu. Rakesh alisikiliza mpaka mwisho huku akichovya andazi kwenye chai.

"Lakini Solomon," alisema, "mtu hachomoki hivihivi tu. Hukuwa umewasha taa?"

"Taa ya nini? Nilikuwa nakwenda moja kwa moja." Solomon alimgeukia mkewe. "Muulize shemeji yako. Alikuwepo."

Rakesh alimtazama Generosa kwa adabu. "Eti, shemeji?"

"Hakuwasha," alisema Generosa. Akainuka kwenda kuleta sukari, ingawa bakuli la sukari lilikuwa mezani na limejaa.

Jikoni alisimama mbele ya dirisha. Kibanda kilikuwa nje, ukingoni mwa barabara, cheupe na kimechoka, kimeliziba dirisha lote. Kibanda ndilo jina walilolipa lile gari siku walipolinunua, mwaka waliostaafu wote wawili: kitanda juu ya kichwa cha dereva, jiko la gesi lenye mafiga mawili, meza ya kukunja, na choo ambacho hakuna aliyetaka kukizungumzia. Wamelala nacho Wales na Uskoti, wamekatiza nacho Ufaransa hadi Hispania, wameamkia penye kondoo na penye bahari. Yeye ndiye utingo. Anakaa kushoto, anaangalia upande wa kushoto, anamimina chai, anamenya machungwa. Solomon huwa hageuki. Hunyoosha tu kiganja, macho yakiwa barabarani, na kipande cha chungwa kikawekwa hapo.

Cha kuchekesha, kama kingechekesha, ni kwamba miaka miwili hii aliyekuwa akisema waache ni yeye. Alisema magoti yake hayaiwezi tena ile ngazi ya kitanda. Alisema siku moja watakutwa humo wamekauka kama dagaa. Solomon alikuwa akicheka na kumjibu kwamba utingo hastaafu kabla ya dereva wake, na hapo maneno yalikwisha. Sasa alikuwa na sababu ambayo hata Solomon mwenyewe asingeweza kuibishia, na ulimi wake ukawa mzito.

Alijua kwa nini. Nyumbani Solomon alikuwa mtu wa "ee" na "sawa." Alikaa mbele ya televisheni, akala alichopewa, akashukuru, akalala. Lakini mweke nyuma ya usukani, nyumba za mwisho za London ziishe, uone alivyokuwa akifunguka. Alisimulia matairi yaliyopasuka Mikumi tembo wakitazama. Aliimba nyimbo za madereva, zile zisizofaa kuimbwa mbele ya mchungaji. Alimuuliza, "Hivi wewe unaonaje?" kisha akangoja jibu. Ndivyo alivyokuwa siku alipoingia kwenye zahanati ya kando ya barabara kule Ilula, kidole kimebanwa na ringi ya tairi, akammwagia maneno mwanafunzi wa uuguzi tangu mwanzo wa bandeji hadi mwisho wake. Generosa aliolewa na yule kijana. Aliendelea kumpenda huyu mzee mkimya pia, lakini yule kijana siku hizi alipatikana ndani ya Kibanda tu, na alimtamani kila siku waliyokaa nyumbani. Kibanda kikiuzwa, angemwona wapi?

Basi akanyamaza. Alijiambia watakwenda mara moja tu tena, mahali tambarare, pasipo milima.

Kisha Natasha akapiga simu kutoka Walthamstow. Mama alizungumza Kiswahili, binti akajibu kwa Kiingereza, kama walivyozoea tangu Natasha alipoanza shule. Likizo fupi ya shule ilikuwa inakaribia, na Natasha na mumewe walikuwa kazini. Je, Bibi na Babu wangeweza kumchukua Leena, wakampeleka kuona bahari kule Norfolk? Mtoto alikuwa amechora Kibanda na kukibandika ukutani.

"Ninyi mnakwenda polepole," alisema Natasha, akicheka. "Nikijua yuko na Baba barabarani nalala usingizi."

"Sawa, mwanangu," alisema Generosa.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Solomon ndani ya Kibanda akifunga kiti cha mtoto. Alikuwa akipiga mluzi. Mvua ilikuwa imekatika, na mlango ulikuwa wazi kuruhusu hewa.

"Nimemweka kushoto, nyuma yako, dirishani," alisema Solomon. "Ili bahari ikitokea aione yeye kwanza."

Generosa alikitazama kile kiti kidogo chenye picha za twiga. Akilini mwake aliliona gari la bluu likichomoka. Aliliona likija upande huo huo, na safari hii breki hazikuwahi.

"Baba Natasha, acha kwanza hiyo. Njoo ukae."

Walikaa mbele, kila mtu mahali pake. Solomon alifuta mikono kwenye suruali.

"Siku ile mlimani," alisema Generosa, "indiketa ya kushoto ilikuwa inawaka."

"Hapana."

"Ilikuwa inawaka. Uliiwasha wewe. Mimi ndiye niliyeizima, kabla hujaiona."

Alikuwa amejiandaa kwa hasira. Hasira angeiweza. Solomon aliangalia kijiti kilicho kando ya usukani, akakiwekea vidole viwili bila kukibonyeza. Nje lori la taka lilikuwa likija mtaani, likisimama na kuondoka, likisimama na kuondoka, na alingoja mpaka lilipowapita.

"Nilikuwa nawapitisha," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Walipita?"

"Walipita wote. Ukapiga na honi ya kuwaaga."

"Salama?"

"Salama, mume wangu."

Solomon aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayepokea taarifa ya wagonjwa aliowaacha hospitali. "Sikumbuki kuiwasha," alisema. "Nakumbuka tu niliona watu wana haraka, nikawahurumia." Akaondoa vidole kwenye kijiti. "Yule binti hakuwa na kosa."

"Hakuwa nalo."

"Na mimi nimemtukana mji mzima." Alimgeukia. "Kazi ya utingo ni kusema, Generosa. Utingo wangu angeninyamazia namna hiyo, ningemshusha Ruaha Mbuyuni atembee kwa miguu."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Solomon alikuwa hajamwita kwa jina lake kwa muda mrefu, na hilo ndilo lililomtoa machozi. "Nilitaka twende tena," alisema. "Kila siku nasema tuache, lakini sikutaka. Humu ndani unanizungumzisha. Kule ndani," akaonyesha mlango wa nyumba yao kwa kidevu, "kule hunizungumzishi. Nikikosa safari nakukosa wewe."

Solomon alitazama mlango wa nyumba, rangi yake ya kijani, namba yake ya shaba, kana kwamba ulikuwa wa watu wengine.

"Nilidhani nakuburuta," alisema. "Miaka yote hii. Nilikuwa nasema, mama wa watu anachoka, nimchekeshe basi, nimsimulie, asije akasema turudi."

Solomon, macho yake yakiwa mbele, barabarani, alinyoosha kiganja kama alivyozoea. Generosa hakuwa na chungwa. Akauweka mkono wake hapo, na Solomon akaufumbata.

Leena alipelekwa baharini kwa treni. Aliiona bahari yeye kwanza, akalia kidogo kwa sababu Kibanda hakikuwepo, kisha akasahau. Bibi yake alikaa mchangani akimenya machungwa, na Babu akasimulia habari za tembo wa Mikumi, akakwama katikati, akamtazama mkewe ili amkumbushe. Ilikuwa safari njema. Haikuwa ile ya Kibanda.

Walionunua Kibanda walikuwa vijana wawili wa Tanga, Mahir na mkewe Nusra, waliofunga ndoa majuzi. Solomon aliwazungusha asubuhi nzima. Aliwaonyesha kabati linalohitaji kupigwa goti ndipo lifungike, na dirisha linalolia upepo ukitoka magharibi. Nusra alipanda ngazi ya kitanda mara moja tu, mbio, akashuka akicheka, na Generosa akaangalia kando. Alitaka kuwaambia kwamba pale kushoto pana kazi yake, kwamba mtu hakai tu pale akitazama simu. Badala yake aliwapa mfuko wa machungwa.

"Wewe ndiye utingo," alimwambia Nusra. "Yeye hatageuka. Mwekee mkononi."

Nusra alicheka, hakuelewa vizuri, akashukuru.

Wazee walibaki wamesimama ukingoni, pale ambapo lami ilikuwa na doa la mafuta lililoachwa na Kibanda. Gari liliondoka kwa kusitasita, maana Mahir alikuwa bado hajazoea urefu wake. Likafika mwisho wa mtaa. Mahir akawasha indiketa ya kushoto, kwa kuwa alikuwa akienda kushoto.

"Umeona?" alisema Solomon.

"Nimeona."

"Anasema kweupe. Tupite."

Generosa alitazama. Kibanda kilikuwa kimeshakata kona, na barabara ilikuwa tupu tangu walipo hadi mwisho wake.

"Kweupe," alisema, na wote wawili wakaendelea kusimama pale pale.