Matofali ya Samaki

Usaha ulikuwa umelowesha tena kitambaa alichofungia mkono. Shombo, kwani hilo ndilo jina alilopachikwa melini na la nyumbani hakuna aliyelijali, aliendelea kuchambua samaki kwa mkono mmoja. Wakubwa kulia, waende zao ng'ambo kwenye meza za watu. Wadogo kushoto: vifaranga urefu wa kidole, majike waliopasuka matumbo, mayai yanamwagika. Hao walisukumwa kwa beleshi kwenye trei, wagandishwe wawe matofali. Zamani takataka hiyo ilitupwa baharini. Kisha wenye meli wakagundua kwamba mtu uliyemmalizia samaki wake atanunua hata takataka yako.

Mwiba wa samaki ndio uliomchoma. Mkono ulivimba, ukawa mweusi hadi kwenye kifundo, sasa ulinuka kuliko sakafu. Na meli haikwenda bandarini: mafuta yaliletwa, samaki walichukuliwa, watu wakabaki palepale. Mpishi alimwambia bila kumung'unya, "Huo mkono usipouwahisha hospitali, utaondoka na wewe."

Basi asubuhi hiyo mashua ya pwani ya kwao ilipojibandika ubavuni kununua matofali, alichungulia, akamwona mjomba wake ndani, akapaza sauti kwa furaha.

"Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba... Ni wewe? Masikini mwanangu, umebaki macho tu!"

Mjomba ndiye aliyemfundisha kutega nyavu. Ndiye aliyemzaba kofi utotoni kwa kuleta nyumbani kifaranga cha samaki. "Leo unamla mtoto, kesho utamla nani?"

"Nichukue, mjomba. Tazama mkono huu."

"Teremka basi, unangoja nini? Nafasi ipo."

Nyapara akamzibia njia kwa beleshi. Kule juu nahodha alitamka maneno mawili matatu ya lugha ya kwao ng'ambo, sigara mdomoni. Nyapara akayatafsiri.

"Anasema huyu akifika hospitali, watu wataanza kuulizauliza. Kwa hiyo chagua, mzee: mpwa au matofali. Ukimchukua mpwa, usitie mguu hapa tena. Wenzako wako foleni."

"Kijana anaoza, bwana!"

"Pua ninayo. Lakini mkono mtupu haulambwi, mzee. Na huo wake, sijui nani ataulamba." Akacheka peke yake.

Mjomba aliitazama mashua yake tupu. Ufukweni wanawake walishapanga mabeseni, mama yake Shombo miongoni mwao.

"Mwanangu," alisema, macho kwenye maji, "nyavu zinatoka na majani tu. Nikirudi mtupu, wale watoto niwaambie nini? Safari ijayo, haki ya Mungu."

"Safari ijayo utachukua nini, mjomba? Mifupa?"

Mjomba akaanza kupanga nafasi ya matofali mashuani.

"Haya Shombo," nyapara akasema, "mpakulie mjomba wako."

Akayateremsha tofali baada ya tofali, akiyakumbatia kifuani maana vidole havikushika. Ndani ya barafu vifaranga walimkodolea macho. Kwenye la mwisho kitambaa kiligandamana na barafu; alipoliachia, kikabanduka na ngozi, kikaenda nalo.

Mjomba alikiona. Alikitazama kitambo, usaha ukichuruzika juu ya midomo ya samaki. Kisha akavuta turubai, akafunika vyote pamoja, akakaza kamba vizuri, jua lisije likaharibu mali.