Programu ya Waliopotea

Kompyuta ya Mwalimu Bonaventure Wilondja ilifika Baraka kwa mtumbwi wa injini kutoka Kigoma, imeviringishwa ndani ya godoro, na godoro limefungwa ndani ya turubai. Ilikuwa mwaka wa 2003. Wakubwa walikuwa wamekwisha kutia saini mbali huko kwamba vita vimekoma. Watu wa Baraka waliisikia habari hiyo redioni, na jioni ileile wakasikia bunduki upande wa Mutambala, kama desturi.

Kabla ya kukimbia, Mwalimu alikuwa amefundisha hesabu kwa miaka kumi na minne. Katika kambi ya ng'ambo ya ziwa alifanya kazi ya karani wa kuandikisha wakimbizi, na ofisi ile ilipofungwa wazungu wakagawa vitu: huyu meza, yule viti viwili, Mwalimu kompyuta. Juu yake wakamwongezea sidii moja. Ndani ya sidii hiyo mlikuwa na programu yenye majina ya watu waliotawanywa na vita, wanaotafuta na wanaotafutwa.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, wakati wa matangazo, alisimama kanisani na suti yake ya Kigoma.

"Kila muntu mwenye kupotewa na ndugu, kesho afike kwangu," alisema. "Kompyuta itasema pahali kwenye iko."

Mkewe Pulchérie alikuwa amemshika pindo la koti tangu neno la tatu. Alijua kwamba sidii ile haijawahi hata mara moja kuingia katika kompyuta ile. Kule ofisini ilifunguliwa kwenye mashine nyingine.

"Baba Aline," alimwambia walipotoka, "si ungesema basi 'labda'?"

"Labda ni neno la bantu wasiosoma."

Jumatatu walifika kabla chai haijachemka. Umeme haukuwepo Baraka, kwa hiyo kila mwenye jina alikuja na petroli ya jenereta: huyu chupa, yule kikopo, mwingine kizibo kilichojaa na aibu nyingi. Wa kwanza alikuwa Mama Félicité, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ambaye mumewe alitoweka mwaka wa 96, siku mji ulipokimbiwa. Jenereta ikavutwa kamba mara nne, ikakohoa, ikashika. Mwalimu akatia sidii, akabofya mara mbili, akajiegemeza kwenye kiti kama mtu aliyekwisha kushiba.

Katikati ya kioo kikatokea kisanduku cha kijivu chenye msalaba mwekundu.

"Iko inasema nini, Mwalimu?" akauliza Mama Félicité.

Mwalimu alikisoma Kifaransa kile mara mbili, akitumaini kwamba mara ya pili kitasema jambo jingine.

"Inasema faili moja haikupatikana. Inaitwa MSVBVM60.DLL."

"Huyo njo nani?"

"Si muntu, mama. Ni faili. Bila yeye programu haiwezi kuanza."

Mama Félicité akafikiri. "Kumbe ile yenye kutafuta ndugu za bantu, na yenyewe imepotewa na ndugu yake."

Mmoja akacheka, na kicheko kikapita hadi wa nje waliokuwa hawajasikia kitu. Mwalimu akainua mkono kama darasani, akaeleza. Programu hii, alisema, ni kama mhubiri aliyetoka mbali: ana maneno, lakini mashine haijui lugha yake. Lazima asimame mkalimani kati yao. Faili hii ndiyo mkalimani. Kompyuta ya ofisini ilikuwa naye tayari, basi hakuna aliyekumbuka kumpakia mtumbwini.

Maelezo yalikuwa mazuri. Petroli ilikuwa imekwisha.

Kufikia saa sita habari ilikuwa imefika sokoni, na kufikia saa tisa ilikuwa imefika kwa Placide, mkubwa wa vijana waliokaa na bunduki kwenye barrière, kizuizi cha kutokea mji. Akaja mwenyewe.

"Mwalimu, nasikia bantu waliiba faili yako. Taja jina tu."

"Haikuibiwa, komanda. Haikuwemo."

"Kitu chenye hakikuwemo kinapotea namna gani?"

Placide akamtazama kwa mashaka, akaenda zake.

Safari ya kwanza ya kuitafuta faili alipewa Norbert, mfanyabiashara aliyekuwa akipanda Uvira kwa mtumbwi. Mwalimu alimwandikia jina la faili kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na Norbert akarudi baada ya siku tisa na disketi moja. Ndani yake mlikuwa na MSVBVM50.DLL.

"Ni hamsini hii," akasema Mwalimu. "Mi nilikuomba sitini."

"Yule mama wa kupiga mashine kule Uvira anasema ni mamoja. Namba njo inapishana."

Mwalimu alikaa na hamsini ile mchana kutwa. Halafu, mlango ukiwa umefungwa, alifanya jambo ambalo zamani aliwachapia wanafunzi viboko walipolifanya kwenye karatasi zao za alama: alifuta 50, akaandika 60. Akavuta kamba ya jenereta. Kisanduku kilekile hakikutokea. Kikatokea kingine, kirefu zaidi, kikimwambia kwamba faili imeonekana, ila ndani yake mlango mmoja haupo. Mkalimani amesimama, ila ni mkalimani wa mhubiri mwingine.

Pulchérie alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Kuna Élisée," alisema.

"Élisée gani?"

"Mutoto wa Rugema. Ulimufundisha. Iko anatengeneza maredio kule mulimani, na iko na kompyuta."

Élisée alikuwa Munyamulenge, na tangu vita kuanza watu wa ziwani na watu wa mlimani hawakukaribishana tena majumbani. Walikutana Alhamisi tu, kwenye soko la chini ya milima, ambako siagi na ng'ombe vilishuka, chumvi na ndagala vikapanda. Wapiganaji wa pande zote mbili waliijua siku hiyo, na wote walipenda maziwa.

"Bantu watasema nini?" aliuliza.

"Wanasema tayari," akajibu Pulchérie.

Alhamisi Mwalimu akapanda baiskeli. Alimkuta Élisée amekaa juu ya sanduku, redio tatu zimefunguliwa matumbo mbele yake. Kijana akasimama, akavua kofia, akampa mkono kwa mikono miwili.

"Yambo, Mwalimu."

"Yambo, Élisée. Umekuwa muntu mukubwa."

Mwalimu akamsimulia yote, na alipofika kwenye hamsini akapunguza sauti. Élisée akainama, mabega yakitikisika.

"Mwalimu! Si ulimufukuza Lionel masomo siku tatu juu ya hiyo hiyo?"

"Lionel alikuwa muvivu."

"Na aligeuza hamsini kuwa sitini."

"Élisée, faili iko ao haiko?"

Ilikuwepo. Mradi mmoja wa chanjo ya ng'ombe ulikimbia mapigano na kumwachia kompyuta ya kubeba mkononi, na ndani yake programu ya kuhesabia ng'ombe. Programu ile nayo ilihitaji mkalimani yuleyule. Élisée akaiwasha kwa betri ya gari, akanakili faili kwenye disketi. Ilijaa karibu disketi nzima. Akachukua ya pili, akanakili tena.

"Mbili za nini?" akauliza Mwalimu.

"Utapita barrière ya kina Placide. Moja inaweza kufa njiani." Akachukua ya tatu. "Na hii ni ya mwenzake. Ukimupata wa kwanza, programu itamuulizia huyu. Halafu utaandika amri hii ili mashine ipate kumujua." Akamwandikia kwenye kipande cha karatasi, akakishikilia kidogo kabla ya kukiachia. "Mwalimu, ikifunguka, uniangalilie jina moja. Mukarurangwa. Ni mama yangu. Siku tulipokimbia mi nilipanda mulima, yeye akasukumwa na bantu upande wa ziwa. Hata ukimukuta kati ya bale wenye kufa, uniambie vilevile."

Mwalimu akaahidi. Alipokuwa akishuka alijisikia mwepesi, na alijua si kwa sababu ya mteremko.

Kwenye barrière Placide alizipata disketi zote tatu.

"Ndani iko nini?"

"Ile faili."

"Nionyeshe."

"Haionekani kwa macho, komanda."

Placide akasogeza kile kibati cha disketi ya kwanza, akaona utando mweusi ndani, akaupapasa kwa kidole gumba kilichokuwa kimekula ndizi ya kukaanga. Akakunja uso.

"Hakuna kitu," alisema, na akamrudishia.

Disketi ile haikusomeka tena maishani mwake. Ya pili ilisomeka. Jumamosi asubuhi, mbele ya sebule iliyojaa, Mwalimu aliweka faili mahali pake. Mashine ikamuulizia mwenzake, kama Élisée alivyosema, akampa. Akaandika amri, kidole kimoja kimoja. Halafu dirisha la programu likafunguka lote, jeupe, na sanduku la kuandikia jina juu. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akavua kofia.

Mama Félicité ndiye aliyeanza. Mwalimu akaandika jina la mumewe, akabonyeza. Mashine ikafikiri. *Haikupatikana.*

"Andika na lile la ubatizo."

Akaandika. *Haikupatikana.*

Pulchérie akaomba kaka yake Fabien. Haikupatikana. Likaja jina la nne, la tisa, la kumi na saba. Wawili walipatikana, wote wawili watu waliokwisha kurudi Baraka mwaka uliopita na ambao mmoja wao alikuwa amesimama dirishani, akijichungulia. Kwa siku arobaini watu hawa walikuwa wanaambiwa kwamba faili haikupatikana. Sasa faili imepatikana, na neno ni lilelile.

Jenereta ilipoanza kupumua kwa shida, tone la mwisho, akakumbuka ahadi. Akaandika: *Mukarurangwa*.

Mistari sita ikateremka. Mwanamke, mzaliwa wa mlimani. Kambi ya ng'ambo, nambari ya nyumba. Yu hai. Anamtafuta mwanawe Élisée Rugema, mwanafunzi. Tarehe, mwaka wa 98. Na chini kabisa, mahali pa karani: B. Wilondja.

Mwalimu akalisoma jina lake mwenyewe. Alijaribu kukumbuka uso wa mama yule, hakuupata. Siku zile aliandikisha watu mia kwa siku, akiuliza jina bila kuinua kichwa. Jina la mwanafunzi wake mwenyewe lilikuwa limepita chini ya kalamu yake, akaligonga muhuri, akaita, "Anayefuata."

"Ni nani huyo?" mtu akauliza.

Akawaambia. Hakuficha hata mstari wa mwisho.

"Petroli yetu," ikasema sauti nyuma, "imemutafutia Munyamulenge mama yake."

Wengine wakaguna. Mama Félicité peke yake ndiye aliyekuwa bado anatazama kioo.

"Kwa hiyo inajua kazi," alisema taratibu. "Mi nilikuwa nafikiri ingali imeharibika."

Akachukua chupa yake tupu, akajifunga kitenge vizuri, akatoka. Jenereta ikazimika nyuma yake.

Alhamisi Mwalimu alipanda tena na karatasi mfukoni. Élisée aliisoma amesimama, kisha akaketi, akaisoma upya. Mwalimu alikuwa ametayarisha maneno ya kuomba radhi njia nzima, yakamtoka yote kwa pamoja, hovyo. Kijana akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," alisema, "mtumbwi wa Kigoma unaondoka siku gani?"

"Jumanne. Lakini unaondokea Baraka."

Wote wawili wakatazama chini kuelekea ziwani.

"Utapita na mi," akasema Mwalimu. "Mchana. Nani atasema nini?"

Jumanne wakapita mchana, Mwalimu na suti yake, Élisée na mfuko mmoja begani. Kwenye barrière Placide alinyanyuka.

"Huyu njo mwenye faili?"

"Njo yeye."

Placide akamzunguka kama anayekagua ng'ombe sokoni. Akamuuliza kama anajua kutengeneza redio ya Kichina isiyoshika stesheni. Élisée akasema anajua. Placide akasema basi arudi, na akainua kamba.

Pwani, wanawake wa ndagala waliwaona wakija wakaacha kuongea. Mwenye mtumbwi akampakia Élisée juu ya magunia. Injini ilikuwa bado haijawashwa Mama Félicité alipoingia majini, maji hadi magotini, kitenge mkononi.

"We. Unafika kule kambini?"

"Ninafika, mama."

"Ya kwangu haiko mule mashine. Lakini wewe uko na mudomo. Utauliza." Akamtajia jina la mumewe, na la ubatizo, na lile ambalo alimwita wakiwa wawili, na hapo wenzake wakacheka.

Élisée akatoa daftari mfukoni. Mwanamke wa pili akaja, kisha mzee mwenye kofia, kisha yule aliyeguna juu ya petroli, akitazama pembeni. Mwenye mtumbwi akapiga kelele kwamba upepo utawakuta katikati. Hakuna aliyemsikia. Pulchérie akampokonya Mwalimu nafasi kwa kiwiko.

"Fabien," alisema. "Andika vizuri. Iko na kovu hapa, chini ya jicho. Mashine haikuuliza kovu."

Élisée akaandika kovu.