Majina Yalihama, Damu Ikabaki

Uvumi ulianzia sokoni kwa wauza pondu, majani ya muhogo: ordinatère, kompyuta ya chama cha wazazi wenye watoto wa drépano, ugonjwa wa selimundu, inageuza damu ya watu. Papa Mahmoudi aliitwa atoe damu kama mtu wa kundi la O. Maabara wakamkuta ni B, wakamrudisha. Maneno hayo yalimganda Agathe, mama mmoja wa chama, kama kupe. Akamweleza binti yake Solange, mwanafunzi aliyetunza orodha ya watoaji damu wa chama. Solange alicheka.

"Mama, machini haiko na sindano. Itageuza damu ya mutu na nini?"

Siku kumi baadaye, asubuhi, Jephté, kitinda mimba wa Agathe, mgonjwa wa drépano mwenye miaka sita, aliamka na macho ya manjano, viganja vyeupe kama chikwange ya muhogo. Hospitalini daktari hakuzunguka: "Mama, damu yake imeshuka sana. Inaomba O positif, na friji yetu iko mutupu. Mulete mutu mbele ya saa saba."

Solange alifungua ordinatère magotini, pale kibarazani. Watu thelathini na mmoja, kila mmoja na mstari wake: jina, simu, damu. Akaweka filtre ya kuchuja kwenye kolone, safu ya damu. Mistari mingine ikajificha, wakabaki sita wa O. Wa kwanza alikuwa Bavon, fundi baiskeli wa jirani.

"Huyu hatumupigii, ninamufwata," Agathe alisema, akarukia toleka, baiskeli ya abiria.

Bavon alikuja na grisi mikononi. Wakamdunga kidole: A.

"Mimi nilisahau zamani," alisema kwa aibu. "Karatasi yenu ndiyo ilikuwa inajua."

Agathe akamkimbilia mwingine wa karibu, Daniella, naye wakamdunga: B. Saa tano ikawa imepita.

"Mama," Jephté alinong'ona, "nimechoka kupumua."

Agathe alikaa chini kwenye saruji, akajipiga mapaja. "Nilikuambia! Nilikuambia inageuza damu, ukanicheka!"

Solange alipiga namba iliyokuwa mbele ya jina la Clothilde.

"Allô, Ya Clothilde, dada yangu?"

"Clothilde gani?" Ilikuwa sauti nzito ya mwanamume, maji yakinguruma nyuma yake. "Mimi Séverin, muvuvi wa Wagenia. Munataka kunigombanisha na bibi yangu wa ndoa?"

Agathe aliisikia sauti hiyo, akanyakua simu. Séverin! Siku ya kuandikisha watoaji parokiani, ndiye aliyekuwa akionyesha kila mtu karatasi ya maabara kama aliyeshinda tombola, bahati nasibu.

"Papa Séverin, damu yako ni nini?"

"Si munaijua? O. Haijahama."

Solange akaziba mdomo. Mwezi uliopita, ili orodha ipendeze mkutanoni, alichagua kolone ya majina peke yake, akaipanga kwa alfabeti. Machini iliuliza kama ivute na kolone za pembeni. Akabonyeza hapana bila kusoma. Majina yakahama, simu na damu zikabaki mahali pake. Kila mtu akavalishwa damu ya mwenzake. Na karatasi ya kwanza, ya parokiani, alikuwa ameitupa.

"Papa," Agathe alilia, "achana na mitego, panda pikipiki. Jephté anaisha."

"Niko nakuja, mama. Usilie. Samaki wataningoja."

Alifika saa saba kasoro robo, suruali ikidondosha maji. Maabara wakampima: O. Kutoa damu na kuipima kukala muda; mfuko ulitundikwa saa nane na nusu.

Jephté yuko hai. Lakini daktari alisema ubongo ulikosa damu kwa muda, na mkono wake wa kulia haushiki tena kijiko. Anakula kwa wa kushoto, akimwangalia dada yake.

Agathe, aliyeishia darasa la sita, aliandika haya kwa kalamu ya bic, akayabandika juu ya ordinatère ile:

Usipange majina peke yake. Kamata orodha nzima, kila mutu atembee na mustari wake.

Usibonyeze mbele ya kusoma swali.

Usitupe karatasi ya kwanza, ile watu waliandika na mikono yao.

Usiamini filtre kwa sababu imejibu mbio. Yenyewe inaonyesha tu kile ulichoweka. Piga simu, uliza jina, uliza damu.

Usingoje mutoto agonjwe ndiyo ujaribu orodha.

Usicheke maneno ya sokoni. Enda kwanza uangalie.