Mahindi ya Mama Mmoja

Mwalimu Ishmael alistaafu akiwa na vitu viwili ambavyo hakuruhusu mtu avichezee: heshima yake, na hindi moja jekundu la mbegu kutoka kwa marehemu mama yake huko Bungoma. Hindi hilo lilining'inia juu ya moshi wa jiko, kama mbegu zinavyohifadhiwa kwao, na lilikuwa la mwisho. Lisipozaa, mbegu ya mama imekwisha.

Mvua za mwaka 2008 zilipoanza Kitengela, alilipukuchua lote akafukia mbegu tano kila shimo. Alikuwa amesoma gazetini kwamba mimea ya mama mmoja hutambuana kwa mizizi, isigombanie chakula udongoni. Habari yenyewe ilihusu ua fulani la ng'ambo; sentensi hiyo Mwalimu aliiruka.

Kufikia Mei, mahindi yalikuwa ya manjano, yakifika goti la mbuzi.

Soila, jirani mfugaji, alichungulia juu ya uzio, akasalimu kwa Kimaasai. "Supa, Mwalimu! Hii ni mahindi ama umenipandia nyasi?"

"Hao ni ndugu, Soila. Wanagawana."

"Hata ndugu zangu walipendana sana, mpaka siku ya kugawa ng'ombe."

Nasike, mke wa Mwalimu, hakucheka. "Baba Melvin, ng'oa miche minne kila shimo, uache mmoja. Mbegu ya mama itapotea."

"Katika boma langu, mtoto hang'olewi!"

"Watoto wako watano walilala kitanda kimoja. Unakumbuka nani aliamka sakafuni kila asubuhi?"

Mwalimu alipiga marufuku mjadala, kisha akaenda Kajiado kuwahutubia wazee wa kanisa juu ya umoja wa familia. Huku nyuma, Nasike alipunguza miche ya mstari mmoja na kuutilia samadi ya Soila.

Agosti, mistari mingine ilitoa nywele bila punje. Mstari wa Nasike ulizaa mahindi kumi na moja, mekundu kama damu. Mwalimu alimenya moja, akakohoa ili asionekane akilia.

"Unaona, Soila?" alisema. "Hapa wenzao walijiondoa kwa hiari, wamwachie ndugu yao."

"Kwa hiari?" Nasike aliuliza. "Niliwavuta kwa masikio mmoja mmoja."

Soila alicheka hadi akashika nguzo. Mwalimu aliyatazama mashimo yenye mche mmoja mmoja, akamkabidhi mkewe mahindi yote.

"Mwaka ujao utapanda wewe," alisema kwa ukali, kana kwamba anamwadhibu. "Mimi mgongo unauma."